Mashua iliyoozea nchi kavu chini ya turubai

Pwani ya Tumbe, kaskazini mwa Pemba, mashua tatu zilikwezwa kabla ya masika ya mwaka mmoja, zikawekwa jirani jirani juu ya magogo na kuachwa pale mpaka karafuu zilipomalizika kuchumwa. Ya kwanza ilifunikwa kwa turubai jipya la plastiki, likakazwa kwa kamba pande zote hata kidole hakipiti. Ya pili ilifunikwa kwa makuti. Ya tatu haikufunikwa kitu. Mwenyewe alichomoa kizibo cha ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo yanapokusanyika maji, akaiinamisha kidogo upande wa tezi, yaani nyuma, akenda zake shamba. Vuli ilipoingia na watu kurudi pwani kuvitazama vyombo vyao, mashua iliyokutwa imeoza ni ile ya turubai.

Mwenye mashua ile ni ami yangu, mwalimu wa skuli aliyestaafu, na nilikuwapo fundi alipoikagua. Lakini siandiki kwa ajili ya ami peke yake. Nikipita Wete, Mkoani, hata Mkokotoni na Nungwi upande wa Unguja, naona vyombo vimefungwa vile vile alivyofunga yeye. Mtu anatoa pesa, anafunga kwa bidii, anaondoka na moyo uliotulia, na huku nyuma mbao zinaliwa. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu chombo cha mbao si kitu cha kununuliwa kila mwaka, na mafundi wa kukijenga wanapungua.

Pale pwani wengine walisema ni bahati mbaya, wengine wakasema mbao zilikuwa mbichi. Sikubaliani nao. Mbao zile zilikuwa zimekwenda baharini miaka na miaka. Kifuniko ndicho kilichoiharibu mashua, na namna kilivyoiharibu inaelezeka vizuri.

Kilichokutwa ndani

Mashua yenyewe ina urefu wa mita 7 na upana wa mita 2 pale katikati. Mbao zake ni za mtondoo, mataruma, zile mbavu za ndani, ni ya mfenesi. Inakwenda kwa tanga na inachukua mashine ndogo nyuma. Turubai lilikuwa lile jembamba la buluu linalouzwa madukani limekunjwa kwenye mfuko, na ami alilipitisha juu ya mabao ya kukalia, akalishusha ubavuni na kulifunga chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo.

Kamba zilipokatwa na turubai kuinuliwa, kitu cha kwanza ilikuwa harufu ya uyoga. Chini ya plastiki matone yalikuwa yamening'inia safu kwa safu, na ilikuwa asubuhi ambayo mvua haikunyesha usiku wake. Fundi alichukua tone moja kwa kidole, akalionja, akasema, "Maji baridi haya, Maalim. Hakuna chumvi hata kidogo."

Kisha akatoa kisu. Alianza na taruma la tatu kutoka tezi, pale linapokutana na ubao wa ubavuni, chini kidogo ya bao la kukalia. Ncha ilizama mpaka nusu ya kisu bila ya kusukumwa. Alipokizungusha, mti ulitoka vipande vidogo vya pembe nne, vya rangi ya kahawia iliyokolea, na nilipovisugua baina ya vidole vikawa unga. Mataruma matatu yalikuwa hivyo. Ukingo nao ulikuwa umelainika kila mahali ambapo kamba ilibana plastiki juu ya mti.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni pale palipokuwa pazima. Mkuku ulikuwa mzima. Mbao za chini, zile ambazo mwaka mzima zimo ndani ya bahari, fundi alizigonga kwa kichwa cha nyundo moja baada ya moja na zote zikatoa mlio mkavu. Kuoza kulianzia juu kukawa kunashuka chini, sehemu ambazo bahari haizigusi. Hilo peke yake linatosha kumwambia mtu ni maji gani yaliyofanya kazi ile.

Mashua ya makuti, hatua chache pembeni, ilikuwa kavu. Ilikuwa na viota vya mijusi na taka za panya, na makuti ya upande wa kusi, upepo wa kusini, yalikuwa yamepeperuka, lakini kisu hakikuingia popote. Ile isiyofunikwa ilikuwa na tatizo jingine kabisa: jua lilikuwa limeikausha mpaka mbao zikasinyaa, pamba ya kalafati ikachomoza kwenye maungio, na baadhi ya nafasi ungeweza kuona mchanga wa nje. Mwenyewe alilazimika kuitia kalafati upya ubavu mzima kabla ya kuishua. Ni kazi, ni gharama, lakini mti wenyewe ulikuwa salama.

Maji yaliingiaje, na kwa nini hayakutoka

Mti hauozi kwa sababu ya kurowa peke yake. Unaozeshwa na fangasi, na fangasi anataka vitu vinne: mti, joto, hewa kidogo, na unyevu. Ubao ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu hauozi, uache hata miaka mia. Joto Pemba lipo mwaka mzima, na mti ndio chombo chenyewe. Kilichobaki mikononi mwa mwenye chombo ni unyevu tu, kwa hiyo kifuniko kinachoacha unyevu ukae kinakuwa kimemsaidia fangasi.

Maji yaliingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni mvua. Turubai lililolala juu ya mabao ya kukalia linabonyea baina ya bao na bao, na kila bonde ni dimbwi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Mashua kama ile ina uwazi wa juu wa mita za mraba 10 hivi. Mvua ya masika ya milimita 60 usiku mmoja, ambayo si ya ajabu Pemba mwezi wa Aprili, inaleta lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Si zote zitakazobaki juu, lakini hata robo yake ni kilo 150 zinazovuta plastiki jembamba kuelekea chini. Linanyooka, linapasuka kwenye pete za pembeni, linavuja katikati, na maji yanashuka kwenye ngama ambayo imefungwa na haina pa kuyatoa, kwa kuwa ami hakuchomoa kizibo. Alidhani hapana haja, maadamu amefunika.

Njia ya pili haionekani, na ndiyo iliyomshangaza ami. Mchana jua linapiga turubai, ndani kunakuwa na joto kali, na unyevu uliomo kwenye mbao na kwenye ngama unapanda kuwa mvuke. Usiku plastiki linapoa kabla ya kitu kingine chochote, mvuke unaligusa na kurudi kuwa maji, yanadondoka juu ya mataruma. Kesho yake safari ni ile ile. Maji machache yaliyokuwamo ndani yanazunguka juu na chini msimu mzima, na kila mzunguko unayapitisha kwenye mti. Hata isingenyesha mvua hata tone, mashua ile ingeoza kwa unyevu wake yenyewe.

Ya tatu ni maji yaliyokuwamo tangu mwanzo. Mashua ilikwezwa, ikasuguliwa, ikasuuzwa kwa maji ya kisima ili ing'are, na ikafunikwa ingali imerowa. Hapo naomba wenye vyombo wanisikilize vizuri. Chombo cha mbao kisisuuzwe kwa maji baridi kinapowekwa. Suuza kwa maji ya bahari. Chumvi iliyoingia kwenye mti inamzuia fangasi, na ndiyo maana mbao za chini za ami zilipona. Wajenzi wa meli za mbao Marekani katika karne ya 19 walikuwa wakijaza chumvi ya mawe baina ya mataruma kwa makusudi hayo hayo. Mashine ndiyo inayotaka maji baridi, na mashine inachukuliwa nyumbani.

Kwa hiyo ukiziweka mashua tatu pamoja, jibu linatoka lenyewe. Isiyofunikwa ilinyeshewa kuliko zote, lakini maji yalitoka kwenye tundu na upepo ukaikausha kabla ya mvua nyingine. Ya makuti ilikingwa na mvua na jua, na upepo ukapita katikati ya makuti. Ya turubai ilikingwa na upepo. Kifuniko cha chombo ni paa, na kila mjenzi wa nyumba ya makuti anajua paa linataka mwinuko, linataka kutokeza nje ya ukuta, na linataka upepo upite chini yake. Ami alikifunika chombo kana kwamba anafunga mzigo wa safari.

Najua mafunzo yanatoka wapi mara nyingine. Vijana wanaangalia video za watu wa Ulaya na Marekani, wanaona boti zimezungushiwa plastiki mpaka chini, zimebana. Kule adui ni theluji na barafu ya miezi kadhaa. Wanajenga fremu yenye mwinuko mkali theluji iteleze, na hata wao, walio makini, wanaacha matundu ya hewa kwenye plastiki lile. Sisi tunachukua lile la kubana na kuacha lile la matundu.

Kwa nini asirudi kwenye makuti

Swali hili aliuliza fundi mwenyewe, na lina haki. Makuti yangetosha. Lakini ami anataka kuishua mashua katikati ya msimu ikipatikana bahari nzuri, na kuirejesha chini ya kifuniko jioni ya pili. Makuti yaliyofungwa hayaondolewi na kurudishwa namna hiyo, yanavunjika, na panya wanayapenda. Alitaka kitu ambacho watu wawili wanakiondoa na kukikunja kabla maji hayajajaa.

Tukakubaliana tujenge paa la makuti kwa umbo, lakini kwa kitambaa.

Kitambaa kilikuwa turubai kuukuu la lori, lile zito la nyuzi za polista lililopakwa plastiki pande mbili. Plastiki jembamba la buluu halidumu kwenye jua letu. Pemba iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na miale yake inalikata plastiki lile mpaka linakuwa kama magamba yanayopeperuka pwani na kuingia baharini. La lori linavumilia zaidi sana. Asiyelipata, bango kuukuu la matangazo ya barabarani linafaa kwa msimu mmoja au miwili, upande wenye picha ukitazama ndani.

Vipimo vilitoka kwenye chombo. Tulilaza miti mitatu ya mvinje juu ya ukingo, ikivuka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kila mmoja ukitokeza sentimita 30 nje kila upande. Chini ya kila mti, pale unapokaa juu ya ukingo, palifungwa kipande cha ndara, na ndara hazikununuliwa, pwani zimejaa zilizotupwa na maji. Kwenye ncha za miti hiyo ulifungwa mwanzi mrefu kila upande, sawa na ubavu, ukawa ndio mwisho wa paa. Omo, yaani mbele, na tezi zikasimamishwa fito mbili mbili zilizopishanishwa mkasi, na juu ya mikasi ukalazwa mwamba, mti wa kileleni mwa paa, nao wa mvinje, sentimita 80 juu ya ile miti ya chini. Kwa upana ule, mwinuko unakaribia nyuzi 32. Makuti yanataka zaidi ya hapo, lakini turubai ni laini, maji yanateleza.

Makombamoyo yake, yale yanayobeba paa, ni mabomba meusi ya maji, yale ya mpira mgumu yanayouzwa kwa mizunguko. Yanapita juu ya mwamba, kutoka mwanzi hadi mwanzi. Mtu mmoja alipendekeza mabomba meupe au ya kijivu ya plastiki, na kwa macho yanavutia zaidi kwa kuwa yamenyooka. Lakini yale kwenye joto yanalegea na kubonyea, na jua linayafanya yavunjike. Bomba jeusi lina masizi ndani ya plastiki yake, na masizi ndiyo yanayozuia miale ya jua isilile. Halafu kupinda kwake kidogo ni faida: turubai linakaa juu ya mgongo wa duara, halipati mahali bapa pa kushika maji.

Turubai lilikatwa urefu wa mita 8, ili litokeze nusu mita mbele na nusu mita nyuma, na upana wa mita 3 na nusu pamoja na pindo. Ni mita za mraba 28, na uzito wake ni kilo 17 hivi. Watu wawili wanaliinua bila shida. Lilikuwa vipande viwili, na hapa fundi wa matanga alituokoa. Tulitaka kuunganisha kwa mshono unaokwenda sambamba na mwamba, kwa kuwa ndio rahisi kukata. Akakataa. Mshono ushuke kutoka juu kwenda chini, alisema, maji yapite kando yake, yasiukate. Kipande cha upande wa kusi kilalie juu ya kingine, upepo usipate mdomo wa kuingilia. Alipinda mara mbili na kushona kwa uzi wa polista wa nyavu uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, na nta ile inaziba matundu ya sindano yenyewe.

Pindo la chini linashuka mpaka chini ya ukingo kiasi cha shibiri moja, lakini halimgusi mtu wala ubao. Lina nafasi ya sentimita 30 baina yake na ubavu, urefu wote wa chombo. Omo na tezi pako wazi, kila pembe tatu ina kipande cha kitambaa kilichoning'inia nusu tu, kuzuia mvua ya upepo. Ami alipoona nafasi zile alisema, "Mwanangu, sasa mnanifunikia nini?" Nilimjibu kwamba kilichofunikwa ni jua na mvua, na upepo tumeukaribisha. Hakuridhika siku ile.

Kizibo cha ngama kilichomolewa na kufungwa kwa uzi kwenye mlingoti, asije akasahau siku ya kushua. Gogo la omo likaongezwa kimo ili maji yoyote yakimbilie tezi na kutoka.

Upepo na mvua vilivyofanya

Mtu akishajua kuhusu maji, hofu inayobaki ni upepo, na paa la kutokeza linashika upepo. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao wakati wa kusi ni wa kawaida tu, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Ubavu wa paa letu ni mita za mraba 12, kwa hiyo kilo zaidi ya 70. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nne: kilo 300. Fundo la kawaida litashika, lakini pete ya turubai itang'oka.

Tulianza kwa madumu ya lita 5 yaliyojazwa mchanga, yakaning'inizwa kwenye pindo kila baada ya mita moja. Njia hii ina sifa nzuri, uzito unacheza na upepo na hauvuti kwa ghafla. Lakini matlai, upepo wa mashariki, ilipopiga, madumu yalikuwa yanagonga ubavu usiku kucha na kukwangua sifa, yale mafuta ya samaki yaliyopakwa kwenye mbao. Yakaondolewa ubavuni, yakabaki manne tu ya pembeni kwenye omo na tezi, ambako hakuna cha kugonga. Ubavuni tukapitisha kamba chini ya mkuku kutoka pindo hadi pindo, na katikati ya kila kamba tukafunga ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Tyubu ndiyo siri ya kazi yote. Upepo ukija kwa kishindo inanyooka, ukipita inarudi, na pete haipati mshtuko. Kamba ikilegea kwa mvua, tyubu inaikaza. Kasoro yake ni jua, inakufa mapema, lakini tyubu mbovu haikosekani kwa fundi baiskeli.

Tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria lilikuwa chini. Paa lile linamwaga maji yake yote kwenye mistari miwili. Mvua ya milimita 60 juu ya uwazi wa mita 8 kwa 2.6 ni zaidi ya lita 1,200, na zote zinaanguka kwenye mchanga pembeni mwa magogo. Baada ya mvua kubwa za mwanzo kulichimbika mfereji kila upande, na gogo moja upande wa bara likaanza kuzama, mashua ikaegama. Ingeendelea hivyo, uzito wote ungeangukia ubao mmoja. Jibu lilikuwa kumwaga kifusi cha mawe ya matumbawe kwenye mistari ile na kuyahamisha magogo ndani zaidi. Ningeanza na kifusi kabla ya kukata turubai, na kila anayejenga paa la namna hii juu ya mchanga namshauri aanze hapo.

Kunguru nao walidonoa nyuzi za pembeni. Ndege hawa waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na hakuna kilichosalimika nao tangu hapo. Kipande cha wavu mbovu juu ya mwamba kiliwaondoshea mahali pa kutua.

Masika yalipopungua tulikwenda kutazama ndani, na fundi alikuja na kisu chake. Chini ya turubai hapakuwa na tone hata moja, ingawa tulifika mapema kabla jua halijapanda. Kwenye ngama nilikwangua kwa kucha nikapata vumbi, vumbi kavu la mchanga na chumvi, likapeperuka. Mataruma mapya matatu ya mfenesi yalikuwa yanaendelea kukauka polepole bila kupasuka, na maungio ya ubavuni yalikuwa yamebana, kwa kuwa jua halikuwa limeyafikia. Upande wa kusi, karibu na tezi, ubao mmoja ulikuwa na alama ya mvua iliyopenyezwa na upepo; tulirefusha kile kitambaa cha kuning'inia. Ami alipitisha mkono juu ya ukingo wote, omo mpaka tezi, asiseme kitu, kisha akauliza turubai la lori linauzwa wapi, anataka kumwambia jirani yake.

Kuna hali moja ambayo paa hili lisiachwe juu. Kimbunga ni nadra kwetu, lakini kikija huja msimu huu huu. Kile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilipiga Aprili 1872, na Hidaya ilifika pwani ya Mafia mapema Mei 2024, hata boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, turubai linafunguliwa, linakunjwa, linapelekwa nyumbani, na mwamba unashushwa. Chombo kilichonyeshewa usiku mmoja huku kizibo kikiwa wazi hakidhuriki. Turubai linaloshika upepo wa aina ile linaweza kukiangusha kutoka juu ya magogo.

Wenye boti za faiba wataniuliza kama haya yanawahusu. Faiba haiozi, lakini jua linaila rangi yake ya juu mpaka inatoa unga mweupe mkononi, na nyingi zina mbao ndani, kwenye sakafu na nyuma pale inapofungwa mashine. Mbao zile zikifunikwa bila hewa zinaoza kama za ami, na hazionekani mpaka mashine ianze kutikisika. Paa ni lile lile, vipimo tu vinabadilika.

Chombo kinachoelea nangani ndicho kinachotaka tahadhari ya pekee. Pale hakuna kizibo cha kuchomoa wala magogo, na paa refu litakivuta chombo kwenye nanga. Mwamba ushushwe mpaka nusu mita au chini ya hapo, kutokeza kuwe kiganja tu nje ya ukingo, wimbi lisije likakamata pindo, omo na tezi paachwe wazi kabisa, kamba za tyubu zifungwe ndani kwenye mataruma na si chini ya mkuku. Na kwa kuwa maji machache yataingia kwa vyovyote, baada ya kila mvua kubwa mtu afike na upo wake, kata ya kutolea maji, kufua ngama, asiliamini turubai.